Imelala au Imesimama?

Kijana mmoja wa Mloka, anayetembeza wageni wa kwenye kambi za watalii, aliniambia mwaka jana kwamba kuna Wazungu wanaomba waamshwe kabla hakujakucha ili wapige picha ule mwanga mweupe unaosimama upande wa mashariki. Wanaupenda sana, alisema, na kwao hauonekani kwa sababu ya taa za mijini. Alikuwa amekaa barazani kwangu, nami nimemshikia kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini kile kikombe, nikamwambia aondoke kabla sijamtolea maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Maskini ya Mungu, hakujua. Aliondoka bila kunywa chai, na mpaka leo tukikutana njiani ananisalimia kwa mbali.

Basi acha nieleze, maana yeye hakuwa na wa kumweleza.

Kwetu bondeni alfajiri ziko mbili. Ya kwanza ni ya uongo, ya pili ndiyo ya kweli. Kila mtoto aliyekaa madrasa analijua hilo, kwa sababu swala ya asubuhi na kufunga Ramadhani vinategemea hiyo ya pili. Ya uongo hutangulia. Giza linakuwa bado zito, hasa usiku usio na mwezi, mara unaona mwanga hafifu wenye rangi ya tui la pili, umepanda juu, mpana kidogo chini na mwembamba kileleni. Masheikh huufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Ukiutazama kwa muda unafifia na giza linarudi. Baadaye sana ndipo inakuja ya kweli, inatambaa chini kwa chini, kutoka upande huu wa upeo hadi upande ule, nyeupe kwanza, kisha nyekundu, kisha manjano.

Baba yangu alikuwa mwadhini. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniamsha nimshikie birika anapotawadha, na kabla hajaenda kuadhini hunigeuza mabega nielekee mashariki. Kisha huuliza, "Imelala au imesimama?" Iliyosimama ni ya uongo, iliyolala ni ya kweli. Nikikosea alinivuta sikio, si kwa nguvu, akaniambia ushawanyima watu daku, kesho wote watakuja kula kwenu. Nikipatia hakusema kitu. Alikwenda zake kuadhini, na mimi nikarudi kitandani nikijiona mtu mzima.

Alijua mianga yote ya usiku na kila mmoja aliupa kazi yake. Wekundu unaobaki baada ya magharibi, aliouita shafaqi, ulikuwa wa kumwambia swala ya isha bado. Mwezi ukipatwa ukawa mwekundu kama tofali, alikusanya watu msikitini wakaswali. Umeme wa kimya unaomulika mbali, upande wa delta, bila ngurumo, ulikuwa wa kumwambia asitoe mikeka nje. Hata moto wa porini, unaopaka mawingu rangi ya machungwa, alikuwa hadanganyiki nao. Nilikua nikiamini kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumdanganya baba yangu kwa kutumia mwanga.

Sasa kuna jambo la huku ambalo lazima ulielewe. Mpunga unapokaribia kukomaa tunahamia mashambani, ng'ambo ya mto, na kuishi kwenye vibanda mpaka tuvune. Kila shamba lina dungu, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, kina ngazi, na mwanamume analala humo akilinda. Anafukuza nguruwe, viboko, na hasa tembo wanaotoka hifadhini. Silaha yake ni debe la kupiga, tochi na koo lake mwenyewe. Tembo hula usiku kucha, na kunapopambazuka wenyewe hurudi porini. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili anayeshuka dungu gizani. Anangoja adhana. Sauti ya mwadhini inaposema swala ni bora kuliko usingizi, ndiyo ruhusa ya kushuka. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini ni sheria.

Mume wangu alikuwa wa kwanza kushuka siku zote. Hakuwa mcha Mungu kuliko wenzake, tuseme kweli. Alikuwa anavuta sigara kwa kujificha na kuimba vibaya mno. Lakini mwadhini alikuwa baba mkwe wake, na yeye alilichukulia jambo hilo kwa uzito wa ajabu. "Mkwe akiita huchelewi," alikuwa akiwaambia wenzake, na wao wakimcheka kwamba hata akiitwa akafue nguo za mama mkwe atakwenda mbio. Alikubali kuchekwa. Walipokuwa bado wanatafuta kandambili zao, yeye alikuwa ameshafika msikitini na kukunja miguu.

Msikiti wenyewe wa kule mashambani ni wa miti na makuti, hauna umeme wala kipaza sauti. Ilikuwepo saa ya ukutani, lakini unyevu wa masika uliimaliza, na mtu aliyeahidi kuleta betri kutoka Bungu akawa kila akienda anasahau. Vijana walitaka waadhini kwa simu. Baba aliwauliza simu ikiishiwa chaji na Mungu naye ameishiwa chaji? Wakacheka, wakamwachia. Na kweli, kule ng'ambo simu nyingi zilikuwa zimezima, kwa sababu kuchaji mpaka uvuke mto. Watu walimwamini kwa macho yake, kama walivyomwamini babu yangu kabla yake.

Kuna mambo niliyaona mwaka ule saa ilipokufa na sikuyatilia maanani. Baba alimwaga chai nje ya kikombe, akalaumu kikombe. Siku moja nilimkuta anafokea gunia la pumba lililokuwa limesimamishwa mlangoni, akilitaka lipishe njia, na alipogundua akacheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye. Tulidhani ni uzee, na uzee una vichekesho vyake.

Usiku ninaotaka kuusimulia, masika yalikuwa yamekwisha na mbingu imefunguka, hakuna mwezi. Mtoto wangu mdogo alikuwa na kikohozi, kwa hiyo nilikuwa macho, nimekaa naye kitandani namsugua mgongo. Nikasikia baba anaadhini. Nilikuwa na simu yenye chaji kidogo, nimeitunza kwa ajili ya tochi. Niliiwasha nitafute dawa, nikaona saa. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Nikajisemea leo baba kawahi, karibu saa nzima kawahi, na nilikuwa bado nalishangaa hilo niliposikia madebe.

Yalianza upande wa shamba letu. Halafu yakawa madebe ya kila mahali, na watu wakipiga kelele kwa sauti ambayo huisikii wakimfukuza nguruwe. Nilimlaza mtoto nikatoka. Nje kulikuwa na giza tupu, na mashariki ule mwanga umesimama, mweupe, mtulivu, hauna habari.

Tembo alikuwa jike mwenye mtoto. Wengine walikuwa wamekanyaga ngazi tu, wakasikia, wakarudi juu. Mume wangu alikuwa ameshafika katikati ya shamba kwa sababu mkwe akiita huchelewi. Wanawake walinizuia nisimwone, na ninawashukuru, ingawa siku ile niliwapiga ngumi. Nilichokiona ni kandambili yake moja, iliyobaki chini ya ngazi ya dungu.

Maofisa wa wanyamapori walikuja, wakapiga picha nyayo, wakatupa pole. Baba ndiye aliyemswalia mkwe wake. Watu walisema yale yanayosemwa, kwamba siku yake ilikuwa imefika na kwamba hakuna anayezidisha wala kupunguza. Lakini nilikuwa nawatazama. Waliokuwa na simu usiku ule waliinamisha macho kila baba alipopita mbele yao. Mzee mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, aliniita pembeni siku ya tatu ya matanga, akasafisha koo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mzee asiambiwe." Hakusema asiambiwe nini. Wala mimi sikumuuliza.

Nilikaa eda nyumbani kwa baba, kijijini. Mjane hatoki, hajipambi, anakaa ndani na nguo zake za eda mpaka muda wake uishe. Si jambo gumu ukiwa na huzuni tu. Mimi nilikuwa na huzuni na hasira, na nilikuwa nimefungiwa chini ya paa la mtu niliyemkasirikia. Nilimsikia kila asubuhi akikohoa, akiburuta miguu, akichota maji ya udhu. Nilikuwa nikilala nimeuelekea ukuta, nimeziba masikio kwa kanga, ili nisiisikie adhana yake.

Naye alikuwa akija mlangoni kwangu. Hakuingia, alisimama tu kizingitini na fimbo yake. Mara ya kwanza aliniuliza kama nimekula. Mara ya pili aliuliza habari za mtoto. Mara ya tatu akasema, "Mama, siku ile nilipoadhini ulikuwa macho?"

Nikamwambia mtoto alikuwa anakohoa.

Alingoja. Akashukuru, akaondoka. Baada ya hapo alirudi na swali lilelile mara nyingi, akilibadilisha nguo. Je, kulikuwa na umande? Je, majogoo walikuwa wameshawika? Je, nilipotoka niliiona njia? Kila mara nilimpa jibu lisilojibu. Nilijua kwamba nikisema ulipatia, atalala usingizi. Nikisema ulikosea, hatalala tena. Nilimnyima vyote viwili kwa sababu mimi nilikuwa silali. Ndivyo nilivyokuwa, sitajipaka rangi.

Aliyenijia sana wakati wa eda alikuwa mwalimu wa kike wa shule yetu ya msingi, mtu wa bara, Mkristo, aliyehamishiwa huku na bado anashangaa joto. Hakujua mila zetu vizuri. Siku ya kwanza aliingia na kunikumbatia kwa kishindo mpaka shangazi zangu wakatazamana. Lakini alikuja, na aliendelea kuja wakati wengine walipochoka, akinimenyea viazi na kunisimulia vituko vya darasani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, kila neno limepigwa pasi, nami nilikuwa namtania kwamba anaongea kama taarifa ya habari.

Alikuwa anafundisha sayansi. Siku moja nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu, ule mwanga unaotangulia alfajiri ni kitu gani. Akafurahi kuulizwa. Ukuta wa chumba changu ulikuwa na tundu, na saa ile jua lilikuwa linapita pale, mwale mmoja mrefu mpaka kwenye mkeka. Akachukua ufagio akafagia kidogo, vumbi likapanda, na mwale ukaonekana wote kuanzia tunduni hadi sakafuni.

"Dada, ile siyo alfajiri hata kidogo," alisema. "Ni vumbi."

Akanieleza kwamba huko mbali, nje kabisa ya hewa yetu, kati ya dunia na jua na sayari nyingine, kuna vumbi jingi lililotapakaa, limetoka kwenye nyota zenye mikia na kwenye mawe yanayosagana huko. Jua likiwa bado liko chini sana, halijakaribia hata kutuangazia sisi, linalimulika lile vumbi, nalo linang'aa. Ndiyo maana linaonekana limesimama, kwa sababu limepangika kwenye njia ileile zinakopita sayari. Alfajiri ya kweli ni jambo jingine, hiyo ni hewa yetu wenyewe kuanza kupata jua, na wekundu wake ni kwa kuwa mwanga umesafiri kwenye hewa nyingi mpaka rangi nyingine zikapotelea njiani. Hata mwezi uliopatwa, alisema, wekundu wake ni wa macheo na machweo yote ya dunia yaliyoangukia juu yake kwa wakati mmoja. Akaendelea kwamba mbingu haiwi nyeusi kabisa hata usiku wa giza. Hewa ya juu sana hunywa jua mchana na kulitoa polepole usiku, kwa mwanga wa kijani hafifu ambao jicho haliwezi kuutambua rangi. Alikuwa anaeleza vizuri, mikono yake inakwenda juu na chini.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia atoke.

Alidhani amenikosea kwa jambo la dini, akaanza kuomba radhi. Haikuwa dini. Nilikuwa nimekaa miezi nikimtafuta wa kumlaumu, nikimlaumu baba, nikimlaumu yule tembo jike, nikimlaumu mtu wa betri wa Bungu, na huyu anakuja kuniambia ni vumbi. Mtu mzima, baba wa watoto wangu, anaimba vibaya lakini anaimba, ameondoka kwa ajili ya vumbi. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Mwalimu hakutoka. Alikaa chini kwenye mkeka, akaendelea kumenya viazi mpaka nilipomaliza.

Eda ikaisha, mwaka ukazunguka, mpunga ukaanza tena kuinamisha vichwa. Tukavuka mto. Shamba letu lilikuwa halina mlinzi, kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasema atapanda yeye. Alikuwa ameoa mwaka uleule na mkewe alikuwa mjamzito. Nilimtazama akikaza kamba za ngazi, akilijaribu kila pao kwa mguu, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa kaka yake. Nikauliza nani ataadhini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua litachomozea wapi. Akasema, baba.

Wazee walikuwa wameitundika saa mpya msikitini. Hakuna aliyemwambia baba kwa nini. Waliitundika tu, kubwa, nyeupe, yenye namba nene, wakatumaini ataelewa. Ndivyo tulivyo. Heshima yetu ni kubwa mno, inaweza kumfunika mtu mzimamzima. Na baba aliipita ile saa kila siku bila kuitupia jicho, akatoka uwanjani, akaelekea mashariki kama zamani. Watu wakanong'ona kwamba mzee ni mbishi. Mimi nilichemka. Nilijisemea huyu mtu ana kiburi gani, ameshanizikia mume na bado haitazami saa.

Kwa siku chache za mwanzo kulikuwa na mwezi wa asubuhi, na mwezi ukiwepo ule mwanga wa uongo hauonekani. Hakuna kilichoharibika. Lakini mwezi ulikuwa unapungua na mimi nilikuwa naupigia hesabu kichwani. Nilijua kuna usiku unakuja ambao utakuwa kama ule. Nikamwendea yule mzee jirani, nikamwambia baba aambiwe sasa, kabla shemeji hajashushwa gizani. Akasema ni kweli. Akasema ni kweli kabisa. Kisha akasema lakini nani atamwambia, na kutoka hapo akaanza kuniuliza habari za mbegu.

Nani atamwambia. Basi nikajua ni mimi.

Niliamka mapema, mwezi ukiwa umekwisha. Nilijifunga kanga, nikamwacha mtoto na mke wa shemeji, nikashika njia ya msikitini na tochi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu na yalikuwa makali. Nilikuwa nimwambie saa ilikuwa ngapi. Nimwambie niliiona kwenye simu kwa macho yangu, na kwamba wote wanajua isipokuwa yeye, na kwamba akiadhini tena kwa kichwa chake kigumu nitasimama mbele ya wanaume wote niseme. Mashariki ule mwanga ulikuwa umeshasimama. Nilitembea nikiutazama, na nikaona jinsi ulivyo mzuri kweli. Nikauchukia zaidi.

Baba alikuwa uwanjani, amechuchumaa na birika lake. Maji yalikuwa yanapita kando ya mkono, yanaingia mchangani, naye anausugua mkono mkavu. Nilizima tochi nikasimama karibu naye, karibu kabisa, ningeweza kumgusa kofia.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akainuka kwa shida. "Afadhali umekuja, mama. Hebu niangalizie. Imelala au imesimama?"

Nilidhani ananitania kama zamani, nikapandwa na hasira. Nikafungua mdomo nimwage yote. Ndipo nikamtazama uso. Alikuwa ameuelekeza kwenye mkorosho ulio upande wa kusini, ambako hakukuwa na mwanga wowote. Alikuwa anaukazia macho, ameyakunja, anangoja jibu kwa unyenyekevu wa mtoto aliyeshikishwa birika.

Maneno yangu makali yote yakaniishia. Nikamshika mabega, nikamgeuza mashariki.

"Imesimama, baba," nikasema.

Nilisikia tembo mbali, wakivunja mianzi kule mtoni.

"Mimi naiona imetanda kote," alisema. "Kila mwanga sasa naona umetanda. Hata tochi yako. Ilianza mwaka juzi, nikadhani itapita." Kisha akauliza, na hakulibadilisha tena nguo swali lake, "Siku ile nayo ilikuwa imesimama?"

"Ilikuwa imesimama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilijua," akasema. "Niliposikia madebe tu nilijua. Nimezunguka kwa kila mtu ili aniambie niache, kila mtu akanionea haya. Nikasema labda nimekosea kujua."

Mwaka mzima nilidhani namficha, kumbe nilikuwa nimemwacha peke yake nalo, mimi na bonde zima. Na yeye aliendelea kuadhini kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi, akikisia, akitegemea majogoo, akifa kila asubuhi mpaka aliposikia watu wamefika msikitini salama.

Tulisimama pamoja. Ule mwanga ukafifia. Giza likarudi, likakaa sana, nami sikuondoa macho mashariki. Kisha upeo ukaanza kupauka, chini kabisa, mstari mwembamba uliolala kutoka kwenye minazi mpaka kwenye kingo za mto. Nilingoja niwe na hakika, nikangoja tena, ndipo nikamwambia.

"Imelala, baba."

Akasogea mbele. Akainua mikono mpaka masikioni, akavuta pumzi. Sauti haikutoka. Akashusha mikono, akaipandisha tena. "Una hakika?" akaniuliza. Nikamwambia nina hakika. Nikamwambia sasa naiona njia, naona rangi ya kanzu yake. Akaniuliza tena. Nikamwambia baba, wekundu unaingia, kumekucha, waite. Midomo yake ilikuwa inacheza, ile sentensi ya kwanza ya adhana aliyoisema maisha yake yote, na haikutoka. Akapiga magoti mchangani na mikono bado iko masikioni.

Wekundu ukapanda, ukageuka manjano. Ndege wakaanza kuingia kwenye mpunga. Jua likachomoza wazi juu ya bonde, na wanaume walikuwa bado wamekaa juu ya madungu yao, kila mmoja juu ya lake, wanatazama huku msikitini. Tembo walikuwa wameshaondoka zamani, kila mtu alikuwa anaona kwamba wameondoka. Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wanamngoja baba.

Niliwaita, upepo ukaila sauti yangu. Basi nikavua kanga ya begani, nikatoka mpaka ukingoni mwa shamba, nikaipunga juu ya kichwa changu washuke. Shemeji alisita, akanitazama, akaweka mguu kwenye ngazi ya marehemu. Nilimtazama pao kwa pao mpaka akakanyaga chini, akavaa kandambili zake, zote mbili. Wengine wakafuata.

Nikajifunga kanga yangu, nikarudi kumnyanyua baba. Kanzu yake ilikuwa imejaa vumbi magotini, nikampangusa.